Jinsi ya kuonyesha filamu ya Top Hat (1935) ili aliyekaa nyuma kabisa acheke pia

Top Hat ni filamu ya nyimbo, dansi na vichekesho iliyotengenezwa Hollywood na kampuni ya RKO Radio Pictures mwaka 1935. Mwongozaji ni Mark Sandrich, nyimbo zote tano ni za Irving Berlin, na wahusika wakuu wanachezwa na Fred Astaire na Ginger Rogers. Kisa chake kizima kimesimama juu ya kosa moja: mwanamke anampenda mwanamume, kisha anaamini kwamba huyo ni mume wa rafiki yake. Mtazamaji anajua kuwa sivyo, ila mwanamke mwenyewe hajui. Kicheko kinatoka hapo. Ukumbi ukipoteza uzi huo, dakika mia za filamu zinageuka kuwa watu waliovaa vizuri wanaopigana vibao bila sababu.

Kwa hiyo kila unachopanga, kuanzia nakala hadi kimo cha skrini, kipime kwa swali moja: je, mtazamaji ataona na kusikia nani ni nani?

Nakala

Filamu kamili ina urefu wa takribani dakika 100. Nakala zilizopunguzwa zipo, na zinazopunguzwa kwanza ni sehemu za vichekesho, hasa za Bates, mtumishi wa Horace, ambaye ndiye yule mume wa rafiki. Bila Bates mwisho wa filamu haueleweki. Kabla ya kutangaza onyesho, itazame nakala yako yote na uhakikishe ina nyimbo zote tano kwa mpangilio huu: "No Strings", "Isn't This a Lovely Day", "Top Hat, White Tie and Tails", "Cheek to Cheek" na "The Piccolino". Kisha hakikisha Bates anaonekana akitumwa kumfuata Dale, yule mwanamke wa kisa (Ginger Rogers), na anaonekana tena mwishoni akikiri alichofanya.

Ukitumia DVD, angalia namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa, iliyoandikwa kwenye jalada. Diski za Marekani ni kanda ya 1. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo ziko kanda ya 5. Oman na nchi za Ghuba ziko kanda ya 2. Deki iliyofungwa kwa kanda moja itaikataa diski ya kanda nyingine, na kosa hilo kwa kawaida hugundulika watu wakiwa wameshakaa. Ijaribu diski kwenye deki ileile utakayoitumia, siyo kwenye nyingine ya aina hiyohiyo.

Diski za Ulaya za mfumo wa PAL zina tatizo jingine ambalo wengi hawalitambui. Filamu ilipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde; PAL huiendesha kwa fremu 25. Dakika 100 zinakuwa 96, na sauti za waimbaji zinapanda kidogo. Kwenye mazungumzo si rahisi kutambua. Kwenye dansi inaonekana: miguu ya Astaire inakuwa na haraka ambayo yeye hakuwa nayo. Ukionyesha kwa kompyuta kupitia programu ya VLC, punguza kasi hadi 0.96, halafu kwenye mipangilio ya sauti zima kipengele kinachonyoosha sauti, ili toni ishuke pamoja na kasi. Usipokizima, picha itarudi kwenye mwendo wake lakini sauti itabaki juu.

Usionyeshe nakala iliyotiwa rangi kwa kompyuta. Mandhari ya filamu hii, kazi ya idara ya Van Nest Polglase na Carroll Clark, ilibuniwa kwa ajili ya nyeusi na nyeupe tu: hoteli nyeupe, sakafu zinazong'aa, na maji ya mifereji ya Venice yaliyotiwa rangi nyeusi ili nyeupe ing'ae zaidi. Ukiitia rangi unaiondolea kile kilichofanya ipendeze.

Kuhusu ruhusa: kuitazama nyumbani na kuionyesha hadharani ni mambo mawili tofauti, hata kama hutozi kiingilio. Muombe mwenye haki au wakala wake. Nchini Kenya maonyesho ya hadhara ya filamu yako chini ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na Tanzania yako chini ya Bodi ya Filamu. Anza mapema, hili ndilo linalochelewesha maonyesho mengi kuliko vifaa vyote.

Skrini na projekta

Picha ya filamu hii ina uwiano wa 1.37 kwa 1, karibu mraba ukilinganisha na televisheni za leo. Makosa mawili hufanyika hapa. La kwanza ni kuivuta ijaze skrini pana, na wachezaji wanakuwa wafupi wanene. La pili ni baya zaidi: kuikuza hadi pembeni kujae na juu na chini kukatwe. Kinachokatwa chini ni miguu. Astaire alisisitiza kwamba dansi zipigwe mwili mzima uonekane, kuanzia kichwani hadi viatuni, kwa vipande virefu visivyokatwakatwa. Ukimkata miguu umeivunja filamu. Kwenye projekta chagua mpangilio wa 4:3 au "picha halisi", na uache weusi pembeni.

Hesabu ya umbali nayo huwakosesha watu. Tuseme unataka picha yenye kimo cha mita 2. Upana wake utakuwa mita 2.74. Ukiwa na projekta ya zamani ya 4:3 yenye uwiano wa kurusha (umbali ukigawanywa kwa upana wa picha) wa 1.5, iweke takribani mita 4.1 kutoka kwenye skrini. Lakini projekta nyingi za sasa ni za 16:9. Kwa hizo picha yako inachukua kimo chote, ila upana wa kuhesabia ni wa fremu nzima ya projekta, yaani mita 3.56, hata kama pembeni kuna weusi. Umbali unakuwa mita 5.3. Ukipima kwa hesabu ya kwanza utapata picha ndogo kuliko kitambaa, na utajikuta unaanza kuhamisha meza mbele ya wageni.

Kwa upana huo, ndani ya chumba chenye giza la kweli, projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) 2,500 hadi 3,000 inatosha. Giza lenyewe ni muhimu kuliko lumeni. Wimbo wa "Top Hat, White Tie and Tails" una safu ya wanaume waliovaa makoti meusi ya mkia na kofia ndefu nyeusi. Mwanga ukiingia dirishani, makoti yale yanakuwa kijivu na umbo la miili linapotea. Funika madirisha kwa kitambaa kizito, na usisahau uwazi ulio juu ya mlango. Ukionyesha nje katika ukanda wetu, giza limeshaingia kati ya saa 1 na saa 1:15 usiku. Panga kuanza saa 1:30.

Makali ya chini ya skrini yawe mita 1.4 kutoka sakafuni. Kichwa cha mtu mzima aliyekaa kwenye kiti cha kawaida kiko kwenye mita 1.2 hadi 1.3. Skrini ikiwa chini ya hapo, safu ya tatu kwenda nyuma haioni viatu, na hakuna sababu ya kuja kumtazama Astaire usipoona viatu vyake.

Sauti

Sauti ya mwaka 1935 ni ya njia moja na ina besi kidogo sana. Spika mbili kubwa za harusini, moja kulia na moja kushoto, besi ikiwa juu, zitaifanya ivume na maneno yasishike. Weka spika moja nzuri katikati, chini au nyuma ya skrini, kwenye usawa wa masikio. Kwenye miksa punguza besi, ongeza kidogo masafa ya kati, ya kilohezi 1 hadi 3, ambako konsonanti zinasikika. Ukisikia mchakacho wa kanda ya zamani, punguza kidogo masafa ya juu, lakini usiyafute. Mlio wa vyuma vya viatu uko huko.

Usipime sauti kwa tukio la mwanzo. Filamu inaanza ndani ya klabu ya mabwana wa London ambako kuongea ni marufuku, na hata gazeti likichakarika watu wanageuka kwa hasira. Fundi asiyejua atadhani sauti haitoki na atapandisha. Dakika chache baadaye, Jerry, yaani Astaire, anapoondoka, anapiga miguu ghafla kuwashtua wazee wale, na ukumbi wako utashtuka kwa namna isiyotakiwa. Pima kwa mazungumzo ya kwanza ya Jerry na Horace hotelini, kisha usiguse tena.

Baada ya hapo fanya jaribio la pili. Nenda tukio ambalo Jerry anamwaga mchanga sakafuni na kuuburuza kwa nyayo taratibu ili kumbembeleza Dale alale chumba cha chini. Kaa kiti cha mwisho kabisa. Mchanga unasikika? Kama hausikiki, tatizo kwa kawaida si spika bali feni au jenereta. Feni za dari ziwekwe mwendo wa chini wakati wa tukio hilo, na jenereta iwe mita 20 au zaidi, nyuma ya ukuta.

Lugha

Mazungumzo ni Kiingereza cha haraka sana, na utani mwingi uko kwenye kujibizana. Maandishi ya tafsiri chini ya picha ndiyo njia bora. Weka herufi kubwa lakini zisizidi mistari miwili, na wakati wa dansi zenyewe zisiwepo kabisa, maana zinakaa palepale miguu ilipo.

Katika vibanda vya video vya Tanzania na Uganda watu wamezoea msimulizi anayetafsiri filamu papo hapo, na kwa hadhira isiyopenda kusoma hiyo inafaa sana, mradi msimulizi aijue filamu kabla. Mpe masharti machache. Asiongee juu ya wimbo. Aseme maana yake kwa sentensi moja kabla haujaanza, kisha anyamaze. Asiongee mchanga unapoburuzwa. Bates hujitaja kwa "sisi", naye amwachie hivyo hivyo. Beddini, mshona nguo za kifahari kutoka Italia, anaharibu Kiingereza kila anapofungua kinywa. Msimulizi asimwigize lafudhi, amtafsiri kama mtu mwenye majivuno makubwa anayekosea maneno. Na la muhimu kuliko yote: kila anapomtaja Jerry au Horace atumie jina, asiseme "yule jamaa". Filamu nzima inahusu watu wawili kuchanganywa. Msimulizi asiongeze mchanganyiko wake.

Utangulizi wa dakika tano

Watu wengi wanaoandaa maonyesho hutumia utangulizi kueleza historia: kwamba hii ilikuwa filamu ya nne ya Astaire na Rogers pamoja, kwamba ilipendekezwa kwa tuzo nne za Oscar ikiwemo ya filamu bora, kwamba mwaka 1990 iliingizwa kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa kitaifa Marekani. Hayo yote ni kweli, na yote yanaweza kusubiri. Kabla ya filamu mtazamaji anahitaji vitu vinne tu. Viandike kwenye karatasi kubwa ukutani:

Horace na Madge Hardwick ni mume na mke.
Jerry Travers ni mcheza dansi, rafiki wa Horace, hajaoa.
Dale Tremont ni rafiki wa Madge.
Dale hajawahi kumwona Horace kwa macho.

Soma mstari wa nne mara mbili. Filamu haiusisitizi mapema, na mtazamaji asiyeushika atajiuliza baadaye kwa nini Dale hamjui mume wa rafiki yake. Ongeza picha za sura nne hizo kama unazo: Horace ni Edward Everett Horton, mtu mzima mwenye wasiwasi usoni muda wote, Jerry ni Astaire, mwembamba, mwepesi. Hilo linasaidia kuliko unavyodhani, kwa kuwa wanaume wa filamu hii wanavaa karibu sare moja, na kwa mtazamaji ambaye hajazoea picha za zamani nyuso zinafanana kwa dakika kumi za mwanzo.

Usisimulie kosa lenyewe. Waache walione likizaliwa.

Kosa linavyojengwa, hatua kwa hatua

Hii ndiyo sehemu ambayo mwandaaji lazima aijue kwa moyo, kwa sababu ndipo maswali yote yanapotoka. Itazame filamu ukiwa na daftari, uandike dakika za kila tukio kwenye nakala yako mwenyewe, maana nakala hazilingani.

Jerry amefika London kucheza katika onyesho ambalo Horace ndiye mwenye kulifadhili. Usiku wa kwanza anapiga dansi ndani ya chumba cha Horace hotelini, na Dale, aliyelala chini yake, anapanda kulalamika. Angalia lililopandwa hapa bila kelele: chumba hicho ni cha Horace, ila aliyemfungulia mlango ni Jerry.

Kesho yake Jerry anamfuata Dale, anamjazia maua, anajifanya dereva wa gari lake la farasi. Mvua inawanasa kwenye kibanda cha bendi katika bustani. Wimbo wa "Isn't This a Lovely Day" unaanza kwa yeye kuimba na Dale kumpa mgongo. Kisha wanacheza: Dale anamwigiza hatua zake kwa kumdhihaki, halafu dhihaka inageuka kuwa kushindana, na kushindana kunageuka kuwa kukubaliana. Mwishoni wanapeana mkono kama watu waliomaliza biashara. Mwambie msimulizi wako asiliguse tukio hili hata kwa neno moja. Ni lazima ukumbi uamini kwamba Dale amempenda kweli. Bila hapo kosa linalofuata haliumi, na kosa lisiloumiza halichekeshi.

Sasa tukio la mkoba na fimbo. Dale anapata habari kutoka kwa Madge kwamba mumewe, Horace, yuko London katika hoteli ileile. Anamuuliza karani wa mapokezi amwonyeshe Bwana Hardwick. Karani anamwelekeza kwenye roshani ya ndani, juu ya ukumbi: ni yule bwana mwenye mkoba na fimbo. Na ni kweli, wakati huo ndiye. Lakini Horace anaitwa kwenye simu na kumwachia Jerry mkoba na fimbo amshikie. Dale anapoinua macho anamwona Jerry, ameshika vyote viwili.

Tukio hili ni fupi. Mtu akitoka kwenda kununua soda hapo, amepoteza filamu. Kwa hiyo usiruhusu biashara ya vinywaji kuanzia wimbo wa mvua unapoanza hadi kibao cha kwanza kipigwe. Kama una watoto ukumbini au hadhira yenye mazungumzo mengi, simamisha filamu mara baada ya Horace kutoa mkoba, uliza kwa sauti "Mkoba uko kwa nani sasa?", ngoja jibu, endelea. Ni sekunde kumi tu, na zinaokoa saa nzima inayofuata.

Dale anamkuta Jerry, anampiga kibao, anaondoka. Jerry hajui kosa lake. Kibao kinatokea mbele ya watu, hoteli inaingiwa na hofu ya kashfa, Horace naye anaogopa kuhusu jina lake, na Bates anatumwa kumfuata Dale. Dale anakwenda Venice pamoja na Beddini, ambaye yeye humvalia nguo zake ili wateja wazione. Jerry anapojua kwamba Dale anakwenda kwa Madge, anamaliza onyesho lake la usiku wa kwanza, lenye wimbo wa "Top Hat, White Tie and Tails", na kuruka na Horace kwa ndege.

Weka mapumziko hapo, wimbo huo ukimalizika na kabla ya Venice. Dakika kumi zinatosha.

Venice ndiko watazamaji wengi hupotea, na sababu ni Madge. Dale anamweleza rafiki yake kwa aibu kwamba mume wake amemtongoza. Madge anamjua Horace wake na halichukulii kwa uzito. Wakati huohuo Madge ana mpango wake: anataka Dale akutane na Jerry, kijana anayefaa kuolewa naye. Kwa hiyo Dale na Jerry wanapokaa pamoja, Madge anawahimiza wacheze, na wakiwa uwanjani anawaashiria wasogeleane zaidi. Kwa macho ya Madge, anawaunganisha wachumba. Kwa macho ya Dale, mke anamsukumia mume wake mwenyewe. Lione jinsi uso wa Ginger Rogers unavyobeba haya yote bila maneno mengi: mshangao, kisha kukata shauri kwamba kama Madge hajali, naye hatajali. Ndipo "Cheek to Cheek" inapoanza.

Ikibidi umweleze mtazamaji jambo moja tu wakati filamu inaendelea, mweleze hilo la Madge. Vingine vyote vitajieleza.

Jerry anaomba ndoa. Anapigwa kibao cha pili, maana kwa Dale huyo ni mume wa mtu. Horace anachapwa na Madge mpaka jicho linavimba. Dale, kwa uchungu, anakubali kuolewa na Beddini. Ukweli unapojulikana kwa wengine, yeye ameshaolewa. Kinachofungua fundo ni Bates: kasisi aliyewafungisha ndoa alikuwa yeye, ameigeuza kola yake kinyumenyume. Watu wasiozoea mavazi ya makasisi wa Ulaya hawaelewi utani wa kola, mwambie msimulizi aliseme wazi, "alijifanya kasisi, ndoa haikuwa ndoa."

Dansi: cha kutazama

Kwenye "Cheek to Cheek" Rogers amevaa gauni la manyoya ya mbuni, lililobuniwa na Bernard Newman. Manyoya yalikuwa yakichomoka wakati wa kupiga picha, na Astaire alichukizwa kiasi kwamba kulizuka ugomvi; baadaye alimpa Rogers jina la utani, "Feathers". Katika nakala nzuri utaona manyoya machache yakielea na kudondoka sakafuni. Jaribio zuri la projekta ni hilo: usipoyaona, ama picha haijashika sawasawa au chumba kina mwanga.

Milio ya viatu haikunaswa wakati wa kupiga picha. Ilirekodiwa baadaye studioni, wachezaji wakiitazama picha, na mara nyingi milio ya Rogers ilipigwa na Hermes Pan, aliyetunga dansi hizo pamoja na Astaire. Kwa hiyo mlio ukitofautiana na mguu kwa kiasi kikubwa, usilaumu filamu. Ni kebo au spika ya bluetooth inayochelewesha sauti. Tumia waya.

Katika wimbo wa kofia, Astaire anageuza fimbo kuwa bunduki na kuwaangusha wanaume wa safu mmoja mmoja kwa milio ya viatu. Wazo hilo alilitumia jukwaani New York mwaka 1930, katika onyesho lililoitwa Smiles, kabla ya kulileta kwenye filamu. "The Piccolino" mwishoni ni ndefu, yenye umati mkubwa wa wachezaji, na kwa kweli ni dhaifu kuliko nyingine nne mpaka wale wawili wanapoingia. Usiikate, lakini usishangae watu wakianza kunyoosha miguu.

Hadhira iliyokulia kwenye filamu za Kihindi haihitaji kuelezwa kwa nini watu wanaanza kuimba katikati ya maongezi. Ihimize tu iangalie kwamba hapa kila dansi ya wawili hao inabadilisha hali yao: kabla ya mvua Dale anamkimbia, baada yake anampenda.

Yanayokera leo

Beddini amechorwa kama Mwitalia wa mzaha, na kumfuatafuata mwanamke aliyesema hapana kunaonyeshwa kama ushujaa. Yaseme yote mawili baada ya filamu, kwa uwazi, hasa ukiwa na vijana. Usiyaseme kabla, kwa sababu utawafanya watazame kwa kuvizia kosa badala ya kufuata kisa. Mazungumzo yanakuwa mazuri ukiuliza ni wakati gani hasa Dale anaamua mwenyewe. Jibu ni kibanda cha bendi, na watu hubishana vizuri juu ya hilo.

Baada ya filamu

Rudisha tukio la mkoba na ulionyeshe tena, mara hii watu wakijua mwisho. Kwa wanaoandika maigizo au tamthilia za vichekesho hili ndilo darasa lenyewe. Waambie waondoe kitu kimoja kimoja waone kama kosa linasimama. Ondoa simu: Horace anabaki na mkoba, hakuna kosa. Mfanye karani awe mwongo: kosa lipo, lakini sasa kuna mtu mbaya wa kulaumiwa, na kicheko kinageuka kuwa hasira. Mfanye Dale amuulize Jerry jina lake uso kwa uso: filamu imekwisha. Kwa nini hamuulizi? Kwa sababu anaamini ameshaona kwa macho yake, na kwa sababu ana aibu. Kosa zuri la mapenzi linahitaji ushahidi unaoonekana, shahidi mkweli, na aibu inayofunga mdomo. Na halafu, kama Madge, mtu wa tatu mwenye nia njema anayelisukuma mbele. Waandishi wengi hupata vitu vitatu vya kwanza na kusahau cha nne, ndiyo maana vichekesho vyao huishiwa nguvu katikati.

Ukitaka kuendelea wiki inayofuata, onyesha The Gay Divorcee ya mwaka 1934. Wamo Astaire, Rogers, Horton, Erik Rhodes wa Beddini na Eric Blore wa Bates, chini ya mwongozaji yuleyule, na kosa ni la jamii hiyohiyo: mwanamke anamdhania mpenzi wake kuwa mtu aliyekodiwa na wakili ili kusaidia kesi yake ya talaka. Iweke baada ya Top Hat, usiitangulize. Kosa lake limebebwa na kauli ya siri inayosemwa kwa mdomo, si na kitu kinachoonekana kwa macho, kwa hiyo lugha ikiwa kikwazo ni ngumu zaidi kufuata. Kwa filamu hiyo kauli yenyewe iandike ukutani, kwa Kiswahili, kabla taa hazijazimwa.